Ukiwa na Shaka, Jibu Hapana

Saa tisa kasorobo usiku, Brno, mwezi wa pili,
chumba cha seva chini ya benki ya damu.
Juu, mifuko imelala kwenye baridi yake;
chini, Bohdana Vrbová amevaa koti ndani ya nyumba
na menyu ya kiini inamhoji, mstari kwa mstari.

Kiini kitunze funguo?
Ndiyo.
Kitunze na zile zilizopigwa muhuri wa chipu?
Ndiyo.
Kila mtumiaji apewe kishada chake, kidumu hata akishatoka?
Hapa anasita. Chini ya swali pameandikwa, kwa upole wa karani:
ukiwa na shaka, jibu Hapana.

Anacheka peke yake.
Laiti Radovan alipopiga goti ndani ya tramu namba nne
maandishi hayo yangekuwa chini ya swali lake.
Anabonyeza Hapana. Anasonga mbele.

Siri ya mtungi, muulize kata.
Mtungi huu hauna kata.
Ufunguo mkuu umezaliwa ndani ya chipu
ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho
na haujawahi kutoka nje uchi.
Ukitoka, umejifunika: tarakimu na herufi zilizovurugwa,
uji usionyweka.
Bohdana ameulinda miaka sita. Hajawahi kuuona.
Hata akivaa mamlaka yote ya mashine, akaomba kuusoma,
anapakuliwa uji uleule.

Na nyuma ya ufunguo, watu:
Ctibor, mwashi, kundi O hasi, mara arobaini na moja;
mwalimu aliyeandika pembeni, msimwambie mume wangu;
kijana mmoja ambaye damu yake ilikataliwa,
na sababu.
Hiyo sababu ndiyo kufuli yote hii.

Saa kumi. Kiini kipya kimeiva. Anawasha upya.
Feni zinavuma, zinanyamaza.
Ufunguo haukufunguka.
Tena.
Haukufunguka.

Jasho ndani ya koti.
Anaangalia waya ambazo hazina kosa,
anaisoma nywila kwa sauti, kama dua,
mpaka akili inamrudia polepole:
chipu haimjui Bohdana.
Haijui miaka sita, haijui kahawa iliyopoa,
haijui Krismasi ile aliyokesha hapa sakafuni.
Inajua kipimo tu: kiini kilivyokuwa
siku muhuri ulipopigwa, nukta kwa nukta.
Amekitengeneza kiini, basi amekuwa mgeni.
Mwizi na fundi, kwenye mlango huu,
hubisha hodi kwa mkono mmoja.

Hasukumi.
Anairudisha mashine kwenye kiini cha jana,
kikuukuu, chenye ufa uleule aliotaka kuuziba,
na mlango unafunguka bila neno.
Akiwa humo ndani, anaomba kama mtu anayehama:
kesho nitakuja na uso mwingine.
Uso wenyewe huu hapa. Upime sasa,
wakati bado unaniamini.

Muhuri mpya. Kipimo kipya. Anawasha.
Safari hii hata hatazami skrini;
anasikiliza diski zikianza kukwaruza,
kwanza moja, kisha zote.

Daftarini anaandika: kishada cha kudumu, Hapana.
Halafu, chini yake, kwa kalamu inayokata wino:
bado nina shaka.

Saa kumi na mbili na nusu, kwenye ngazi,
anapishana na mwanamume mwenye vumbi la saruji nyusini,
amekunja mkono wa shati kabla hata ya kufika mlangoni.
Wanaitikiana kwa kichwa. Theluji inawadondoka wote wawili, yeye ya kutoka, huyu ya kuingia.
Hamjui.
Jina lake nimekutajia mimi, hapo juu, pamoja na idadi.
Bohdana hakumtajia mtu.